Waulize Wataalamu: Mteja Kaniona Wapi?

SWALI: Nauza korosho zilizobanguliwa, paketi za nusu kilo na kilo. Tangazo lilelile naliweka Facebook, Instagram na status ya WhatsApp. Wateja wanakuja, ila nikiwauliza wameniona wapi wanasema "mtandaoni" tu. Tovuti sina. Nifanyeje?
Muuza korosho, Shangani, Mtwara

JIBU: Tovuti si lazima. WhatsApp ina linki inayomfungulia mteja mazungumzo na wewe, ujumbe ukiwa umeshaandikwa. Yeye anabaki kubonyeza kutuma. Inakaa hivi:

https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari,%20nataka%20korosho%20KF

Hizo herufi mbili za mwisho ndizo mtego wako. KF iweke Facebook, KB kwenye baio ya Instagram (maelezo mafupi ya ukurasa wako), KS kwenye status. Linki tatu, tofauti yake hapo tu. Jioni andika "KF" kwenye kisanduku cha kutafuta cha WhatsApp, uhesabu. Ukitumia WhatsApp Business, mpe kila mteja lebo siku hiyohiyo. Daftarini chora safu mbili, waliouliza na walionunua, maana kuna mtandao unaojaza simu maswali ya bei na usiuze hata paketi.

Linki ikigoma, tazama namba kwanza. Inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya 07. Kisha tazama nafasi kati ya maneno: kila nafasi ni %20. Ukiacha nafasi tupu, linki inakatika hapo, na wewe unapokea "Habari," peke yake, alama imepotea. Ijaribu kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kuisambaza. Usiibandike kwenye maelezo ya picha ya Instagram, haibonyezeki pale. Ndiyo maana tumesema baio. Wapo pia watakaofuta ujumbe wako na kuandika wao "mambo, bei gani?", hivyo hesabu yako itapungua kidogo. Itumie kulinganisha mitandao.

Kuhusu kusambazwa: mtu akihifadhi picha yako kisha akaituma upya, maelezo ya chini hayafuati. Bei, uzito na namba ya simu viwe ndani ya picha, kwa maandishi makubwa. Linki nayo ibaki kwenye maelezo, kwa sababu ndani ya picha haifunguki.

SWALI: Natembeza watalii Kilwa Kisiwani. Linki ya tovuti yangu ni ndefu, naona inanimalizia nafasi kwenye X. Nikiifupisha, wengine wanaogopa kuifungua.
Kilwa Masoko, Lindi

JIBU: Haikumalizii kitu. X huhesabu kila linki kuwa herufi 23, iwe fupi au ndefu, kati ya 280 za akaunti ya kawaida. Iache ilivyo, jina la tovuti lionekane. Anayeogopa linki isiyojulikana inakoelekea hana kosa, matapeli wamezidi.

Kama tovuti yako imeunganishwa na Google Analytics, programu ya kuhesabu wageni wa tovuti, ongeza mkia huu mwishoni mwa linki, ujue wametokea wapi:

?utm_source=x&utm_medium=social&utm_campaign=kilwa_julai

Neno "social" liache hivyohivyo, programu hulitumia kupanga wageni kwenye makundi. Andika kwa herufi ndogo siku zote: "Facebook" na "facebook" zitahesabiwa kama sehemu mbili. Na kama linki tayari ina alama ya kuuliza, mkia uanze na &. Kwenye magrupu ya WhatsApp mkia huo unachusha macho. Huko ndiko pa kufupisha, kwa huduma kama Bitly inayokuruhusu kuchagua jina linalosomeka.

Hashitagi andika #KilwaKisiwani, herufi kubwa ikianza kila neno, hata programu za kuwasomea wasioona hulitamka vizuri zaidi. Ukiweka kistari, #Kilwa-Kisiwani, inaishia kwenye Kilwa. Na ukitaka kuutaja mwaka magofu yalipoingia Urithi wa Dunia, #1981 haitabonyezeka, namba tupu hazikubaliki, andika #Kilwa1981.