Uliuliza tofauti, nakujibu asili

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Wanafunzi wako wa jioni wamekubana: kwa nini Waingereza wana "see", "look" na "watch", na mbona hiyo "watch" ni saa pia? Unataka tofauti zake kwa maneno mafupi. Tangu lini ukapata maneno mafupi kwangu?

Hiyo "watch" haikuanza na macho. Ilianza na kutolala. Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066, kilikuwa na "wæccan", yaani kukesha. Ndugu yake wa damu ni "wake", kuamka, ambalo pia ndilo jina lao la kukesha na maiti kabla ya maziko. Kutazama kulikuja baadaye, maana aliyewekwa akeshe haachi kuangaza huku na huku. Ndiyo sababu pale Gethsemane Biblia yao ya mwaka 1611 inasema "Watch and pray", na yetu "Kesheni, mwombe". Yesu hakuwaambia wale watatu watazame chochote. Aliwaomba wasilale, nao wakalala.

Nimewaambia tangu mko wadogo: neno usiliulize maana, liulize lilikuwa likifanya kazi gani.

Babu yako wewe unamjua wa ile picha ya sebuleni, mzee wa kanzu. Mimi namjua wa koti la kaki, mlinzi wa usiku wa ghala la katani kule Korogwe, wochimani kama walivyoitwa enzi hizo. Alitembea na saa moja nzito, ya duara, ndani ya mfuko wa ngozi wenye mkanda wa begani. Kila kona ya ghala palikuwa na ufunguo uliofungwa ukutani kwa mnyororo. Akifika anauchomeka kwenye saa, anauzungusha, unachapa alama kwenye karatasi ya mviringo iliyomo ndani. Asubuhi meneja anaifungua na kusoma: saa nane kona ya mashine, saa nane na robo kona ya reli. Alama ikikosekana, mshahara unakatwa. Mzee ameona nini gizani, hakuna aliyeuliza. Walichotaka kujua ni kama alikuwa macho.

Sasa nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa Kiingereza akatupa sentensi ya kutafsiri, ya wachungaji na hiyo "watch" yao, na kondoo, na usiku. Nikaandika kwamba walikesha na kondoo wao. Kosa, kwa kalamu nyekundu. Akanisimamisha mbele: "Watch ni kutazama. Wewe mtoto wa wochimani ndiye hulijui?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikamjibu kwamba baba yangu hatazami, anakesha. Jibu hilo lilinifyekesha majani nyuma ya bweni hadi jua linazama.

Nilipokuja kufungua kamusi ya asili ya maneno, tayari mtu mzima mwenye wanafunzi wangu, maana ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo: kukesha. Mama yako alikuwepo maktaba siku ile. Mwulize nilivyopiga kelele.

Najua utasema, baba, kinachofundishwa ni Kiingereza cha leo, na leo mtu aki-"watch" mpira anatazama. Kweli. Mwalimu naye alifundisha alichofundishwa, na darasa lilikuwa limefurika. Lakini sentensi ilikuwa ya usiku! Makondeni, bila hata kibatari, wangetazama nini? Haya, pengine mwezi ulikuwepo. Marehemu ametangulia, simhukumu. Alama zangu mbili tu ndizo alizoondoka nazo.

Kuhusu saa: karne ya 15 "watch" ilikuwa saa ya kuwaamsha waliolala, na kufika miaka ya 1580 ikawa saa ndogo ya kubeba. Wapo wanaoipeleka kwa mabaharia na zamu zao za saa nne nne. Tamu kuisikiliza, ila mimi kengele ya kuamsha inanitosha.

Mama yako amesoma mpaka hapa, anasema sijakujibu. Basi andika ubaoni: "see" ni kitu kukujia machoni bila wewe kukitafuta, "look" ni wewe kuyaelekeza macho, "watch" ni kuyaelekeza na kubaki hapo hapo, kwa kuwa kitu kinasogea au kinaweza kusogea. Mpira, mtoto anayetambaa, maziwa jikoni. Picha ya ukutani haihusiki. Wakikuuliza mbona filamu wanai-"see" pia, waambie wakawaulize Waingereza wenyewe.

Baba yako