Vichocheo vigumu, vichocheo yabisi au vimeng'enya?

Swali: Natafsiri makala ya kemia kuhusu namna ya kupata mafuta ya magari na kemikali kutokana na mimea. Niliandika "vichocheo vigumu". Mhariri akafuta, akaweka "vimeng'enya". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Mhariri amekosea, na neno lako "vigumu" nalo halijakaa sawa. Andika vichocheo yabisi.

Wapo wanaolikwepa neno kichocheo kwa sababu ndugu zake wamezoeleka kwenye siasa: mchochezi, uchochezi. Lakini kwao ni jikoni. Anayepikia mafiga huchochea moto: husukuma kuni ndani, husogeza vijinga, na moto uliofifia ukashika tena. Zinazoungua ni kuni, si mkono wake. Kemia nayo inataka hivyo hivyo. Kichocheo huharakisha mmenyuko, yaani kemikali kugeuka kuwa kemikali nyingine, na mmenyuko ukiisha chenyewe hakijaliwa. Mwaka 1835, Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi alilipa jambo hili jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kulegeza au kufungua. Sisi tulichukua la mekoni, na kwangu picha yetu ndiyo iliyo hai zaidi.

Kimeng'enya ni kichocheo pia, ila cha aina moja: kinatengenezwa na kiumbe hai, na karibu vyote ni protini. Kile kilichomo kwenye mate huanza kuvunja wanga wa ugali ukiwa bado mdomoni. Makala yako ikitaja selulasi inayovunja selulosi, yaani nyuzi za mimea, hapo kimeng'enya ni mahali pake. Lakini zeolaiti ni madini. Hupitishiwa mvuke wa mbao zilizopashwa moto bila hewa, kwenye nyuzijoto kama 500 za Selsiasi, na kutoa benzini na jamii yake. Kwenye joto hilo protini haibaki.

Sasa yabisi, yaani kisicho kimiminika wala gesi. Ugumu ni jambo jingine. Unga wa muhogo ni laini mkononi, na bado ni yabisi. Tena "kichocheo kigumu" msomaji anaweza kukielewa kuwa ni kigumu kutumia. Yabisi limetoka kwenye Kiarabu, likiwa na maana ya ukavu. Tunalisikia kila siku katika baridi yabisi. Halichukui kiambishi: kichocheo yabisi, vichocheo yabisi. Vitabu vingine husema mango. Si kosa, ila shika moja hadi mwisho wa makala.

Nasisitiza neno hili kwa sababu faida yote imo humo. Chukua chokaa iliyotoka tanuuni, ambayo haijamwagiwa maji, mfano wa ile inayochomwa pwani kutokana na matumbawe. Maabara huichanganya ikiwa unga na mafuta ya mbono na methanoli (aina ya alkoholi), wakapasha hadi nyuzijoto 60 hivi, wakakoroga kwa saa kadhaa. Mchanganyiko ukitulia, gliserini huzama na dizeli ya mimea hukaa juu. Chokaa unaichuja na kuirudisha kazini. Ungetumia kostiki soda, ile ya sabuni, ingeyeyuka humo humo, na dizeli ingebidi ioshwe kwa maji tena na tena.

Kuhusu biomasi, yaani mimea na mabaki yake yanayotumika kama malighafi, Tanzania wengi huandika tungamotaka. Kwa pumba za mpunga na makapi ya miwa linafaa. Kwa mti uliopandwa makusudi, "taka" inapotosha, na hapo mimi huandika biomasi.

Jambo la mwisho, ambalo hukuuliza. Usitafsiri kwamba kichocheo "hakibadiliki". Katikati ya mmenyuko hubadilika, kisha hurudi kilivyokuwa, na baada ya mizunguko mingi huchoka. Chokaa ikiachwa wazi hunyonya unyevu na kabonidayoksaidi ya hewani, nguvu ikapungua. Na hata ikitunzwa, sehemu yake kidogo huyeyukia kwenye dizeli. Zeolaiti huzibwa vitundu vyake na tabaka jeusi la kaboni, hadi ichomwe kwa hewa ndipo ifanye kazi tena. Tabaka hilo watafsiri huliita masizi, lakini masizi hupeperushwa na moshi. Hili limegandia palepale lilipoungulia, na kila aliyewahi kupika wali analijua jina lake: ukoko.