Barua kwa mwanangu: Schweinsteiger alipohamishwa mara mbili

Marahaba, mwanangu. Huku sote wazima. Mama yako presha imetulia na dawa anakunywa kwa wakati, hilo lisikupe mawazo.

Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea na mama yako. Unasema bosi mpya amekutoa kwenye mauzo, ambako kila mteja alikuwa anakuita kwa jina, akakupeleka stoo kuhesabu mizigo, na unataka nikushauri kama uache kazi au uvumilie. Halafu mwishoni umeniuliza mbona kila ukinieleza mambo ya kazi nakutajia Schweinsteiger, na huyo mtu amefanya nini kikubwa hivyo. Swali zuri. Nijibu hilo la pili kwanza, maana la kwanza limo humo humo.

Bastian Schweinsteiger alizaliwa Agosti 1984 huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, karibu na milima ya Alps. Alipokuwa mtoto alishindana kuteleza kwenye theluji, na alikuwa hodari, lakini akachagua mpira. Mwaka 1998 akaingia kwenye timu za vijana za Bayern Munich, na Novemba 2002, akiwa na miaka 18, kocha Ottmar Hitzfeld akampa mechi yake ya kwanza ya wakubwa, Ligi ya Mabingwa, dhidi ya Lens ya Ufaransa. Wakati huo alikuwa winga. Kijana wa pembeni, mashuti makali, nywele kila mwezi mtindo mpya.

Kombe la Dunia la 2006 lilichezwa kwao, na mechi ya kutafuta mshindi wa tatu pale Stuttgart ilikuwa yake. Aliwafunga Ureno mabao mawili kwa mashuti ya mbali, na mpira wake wa adhabu ukamgonga mchezaji wa Ureno ukaingia wavuni. Watu wakadhani huyo ndiye winga wa miaka kumi ijayo. Mimi niliyekuwa nikimfuatilia nilikuwa na wasiwasi. Mbio hakuwa nazo za kutisha. Leo anang'ara, kesho unamtafuta uwanjani humwoni.

Sasa hapa ndipo nakuomba usome taratibu. Mwaka 2009 Bayern walimleta Louis van Gaal, Mholanzi mkali, mtu wa utaratibu. Akamtoa Schweinsteiger pembeni, akampeleka katikati kuwa kiungo. Mchezaji wa miaka 25, mwenye jina, timu ya taifa ameshaichezea miaka mitano, anaambiwa aanze kujifunza kazi nyingine. Pembeni unasubiri mpira uje, unamkabili beki mmoja, nyuma yako kuna mstari tu. Katikati watu wanakujia kutoka kila upande, na kabla pasi haijakufikia lazima uwe umeshaangalia nyuma ya bega lako nani yuko wapi. Unakaba, unapokonya, unatoa pasi fupi ambayo hakuna atakayeipigia makofi, halafu unakimbia tena kuomba mpira.

Alijifunza. Msimu huo huo Bayern walichukua ligi na kombe la Ujerumani, wakafika fainali ya Ulaya, yaani ya Ligi ya Mabingwa. Na kiangazi kile, tarehe 3 Julai 2010, Ujerumani ikaipiga Argentina 4-0 pale Cape Town. Tafuta bao la tatu ulitazame. Schweinsteiger anachukua mpira upande wa kushoto, anaingia nao ndani kwenye boksi akiwapita Waargentina mmoja baada ya mwingine, na badala ya kupiga mwenyewe anamsogezea Arne Friedrich, beki ambaye mpaka siku hiyo alikuwa hajawahi kuifungia timu ya taifa bao hata moja, naye anausukuma ndani. Uwinga wake haukupotea alipohamishwa. Aliuchukua akaenda nao katikati, ukawa silaha ambayo viungo wengine hawakuwa nayo.

Van Gaal alimhamisha kwa sababu alikuwa ameona kitu. Shika hilo, tutalirudia.

Mei 2012 unaikumbuka, nyumba nzima tulikuwa macho. Fainali ya Ulaya ilichezwa Munich kwenyewe, Bayern na Chelsea. Bayern wanaongoza, dakika ya 88 Drogba wa Chelsea anasawazisha kwa kichwa, kwenye muda wa nyongeza Robben wa Bayern anakosa penalti, tunafika kwenye matuta. Penalti ya tatu ya Bayern alipiga kipa, Manuel Neuer. Fikiria maana yake: kuna wachezaji wa mbele waliokuwa uwanjani na kipa ndiye aliyekwenda. Ya tano, ile nzito kuliko zote, alikwenda Schweinsteiger. Kipa wa Chelsea, Petr Čech, akaugusa kwa ncha za vidole, mpira ukagonga nguzo ukarudi uwanjani. Akajifunika uso kwa jezi. Drogba akaja akamaliza kazi.

Sikusimulii ili ulie naye. Nakusimulia kwa sababu mwaka mmoja baadaye bado alikuwa katikati ya uwanja ule ule. Aprili 2013 bao lililowapa Bayern ubingwa wa ligi alilifunga yeye, kwa kisigino, kule Frankfurt. Mei wakaifunga Dortmund 2-1 Wembley wakachukua Ulaya, kisha kombe la Ujerumani, makombe matatu msimu mmoja, na akachaguliwa mwanasoka bora wa mwaka wa Ujerumani. Mwaka uliofuata, fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Argentina pale Maracanã, Brazil, mwenzake Sami Khedira aliumia wakati wa kupasha misuli, aliyechukua nafasi yake naye akatoka baada ya kugongwa kichwani. Katikati akabaki Schweinsteiger, anaangushwa, anainuka. Katika muda wa nyongeza mkono wa Agüero ukampasua chini ya jicho, damu ikamtiririka shavuni, wakamtibu pembeni ya mstari akarudi. Götze akafunga, 1-0, Ujerumani mabingwa. Picha ya jeraha lile ndiyo wengi wanayoikumbuka.

Lakini mimi nikikutajia jina lake sifikirii Maracanã. Nafikiria Agosti 2016, Manchester.

Mwaka mmoja nyuma yake aliondoka Bayern, mechi 500, ubingwa wa ligi mara nane, akaenda Manchester United, ambako kocha alikuwa Van Gaal yule yule. Majeraha yakamwandama. Julai 2016, nusu fainali ya Euro, kombe la mataifa ya Ulaya, dhidi ya Ufaransa, alishika mpira kwenye boksi, ikawa penalti, wakatolewa. Alikuwa nahodha. Akirudi United, Van Gaal hayupo, yupo José Mourinho, na Mourinho hakuwa na kazi naye. Akaondolewa kwenye mazoezi ya kikosi cha kwanza, akawa anafanya mazoezi mbali na wenzake. Mtu mwenye Kombe la Dunia, miaka 32. Hata kwenye orodha ya wachezaji wa Europa League, kombe la Ulaya lililo chini ya Ligi ya Mabingwa, jina lake halikuwemo. Na mwezi huo huo wa Agosti, Wajerumani walimuaga kwa mechi yake ya 121 ya taifa, dhidi ya Finland, uwanja mzima umesimama na yeye analia kama mtoto. Akatoka pale akarudi mahali ambapo hakuna aliyemhitaji.

Aliandika hadharani kwamba kwa Ulaya, United ndiyo itakuwa klabu yake ya mwisho. Hakumtukana kocha. Aliendelea kufanya mazoezi. Oktoba wakamrudisha mazoezini na wenzake. Mwisho wa Novemba akaingizwa dakika za mwisho dhidi ya West Ham, na mashabiki wa Old Trafford, uwanja wa United, wakamshangilia kana kwamba ndiye aliyefunga mabao yote manne. Januari 2017 akaanza dhidi ya Wigan kwenye Kombe la FA akafunga kwa tikitaka. Mourinho mwenyewe alikuja kusema mbele ya waandishi kwamba anajutia alivyomtendea. Machi Schweinsteiger akahamia Chicago Fire, Marekani, timu iliyokuwa imeshika mkia msimu uliopita. Mechi ya kwanza tu akafunga kwa kichwa, na msimu huo wakaingia hatua ya mtoano. Baadaye alirudishwa hata beki ya kati, akacheza. Oktoba 2019 akatundika daluga.

Kuna wanaosema miezi ile Manchester aliipoteza bure, kwamba angeondoka siku ile ile aliyotengwa. Sikubaliani nao. Angeondoka Agosti, angeondoka na hasira, na pengine mwili haujawa tayari. Aliondoka Machi akiwa fiti, amefunga bao, na aliyemtenga akakiri. Klabu mpya alikwenda kwa miguu yake.

Najua utaniambia yeye alikuwa analipwa mamilioni hata akikaa tu, na wewe una kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Kweli kabisa, na ndiyo maana sikwambii uige kila alichofanya. Wewe huwezi kukaa miezi saba ukisubiri mtu ajute, na huenda asijute kamwe. Ninachokuomba ni kitu kidogo kuliko hicho: ujue kwanza umehamishwa kwa namna ipi. Huyo bosi ni Van Gaal au ni Mourinho wa Agosti 2016?

Utajuaje? Angalia alichokupa. Kama stoo amekupa mamlaka ya kuagiza na kukataa mzigo, kama anakuita kwenye vikao na anakuuliza hesabu, basi kuna kitu amekiona, na wewe unayejua wateja wanataka nini utakuwa mtunza stoo ambaye hajawahi kumpata. Jifunze hiyo kazi mpaka uiweze, kisha udai cheo. Kama amekupa kiti na daftari tu, vikao huitwi, na kazi yako ya zamani kampa mtu wake, basi hana mpango na wewe. Hapo utaondoka, na mimi nitakuunga mkono. Ila uondoke ukiwa umeshapata pa kwenda, daftari zako ziko sawa mpaka siku ya mwisho, na hujamtukana mtu.

Kwa hiyo barua ya kuacha kazi usiipeleke wiki hii. Niandikie mambo matatu: mkataba wako unaisha lini, mshahara umebaki ule ule au umepunguzwa, na barua ya uhamisho umepewa kwa maandishi au uliambiwa kwa mdomo. Kama ni kwa mdomo, kesho asubuhi kaombe ya maandishi, kwa adabu, na utunze nakala. Mjomba wako anajua taratibu hizo kuliko mimi, nitampelekea majibu yako Jumapili tukitoka kanisani.

Mama yako anauliza kama ulizipata zile nguo za mtoto.

Baba yako