Jibu: Amri kugeuka nyekundu kabla ya kubonyeza Enter

Ndugu, umeuliza kwa nini neno «gti» (amri «git» iliyokosewa tahajia) hugeuka jekundu kwenye terminali ya mwenzako angali akiandika, ilhali kwako halibadiliki. Yamkini anatumia fish, mojawapo ya shell, yaani programu zinazopokea amri unazoandika kwenye terminali; hiyo hukagua mstari kila herufi inapoongezwa, ikaonyesha kwa rangi nyekundu amri isiyopatikana, na kupigia mstari jina la faili lililopo kweli. Bash, shell nyingine, yenyewe haina uwezo huo.

Ukitumia zsh, nayo ni shell, sakinisha nyongeza ya kupaka amri rangi iitwayo zsh-syntax-highlighting, kisha mstari wa kuiita uuweke mwisho kabisa wa faili la mipangilio la .zshrc; mstari huo ukitangulia, vipengele vya uandishi vitakavyoongezwa chini yake huenda visipakwe rangi. Tahadhari moja: rangi huonyesha tu kama amri ipo, kwa hiyo «rm» (amri ya kufuta) itang'aa kijani hata ukielekea kufuta folda isiyostahili.