Pima mota kwanza, hiyo sola ya pili iache dukani

Usinunue hiyo sola ya pili! Nimesoma swali lako mara mbili. Una mota uliyoichomoa kwenye kigari cha kuchezea, umeiunganisha moja kwa moja na kisola cha volti 3, haizunguki, na muuza duka amekwambia uongeze sola ili mende wako wa roboti atambae kabla ya maonyesho ya shule. Halafu unauliza miguu iwe minne au sita, gundi gani inashika, na mende afuateje mwanga. Yote hayo yangoje. Rudisha pesa mfukoni, mdogo wangu, maana njia hiyo nimeifuata mimi mpaka mwisho na mwishoni sikukuta kitu.

Nilianza hivyo hivyo. Mwezi wa Mei, mvua za masika, jua la kuvizia. Mota ya kigari, sola moja ya volti 3 iliyoandikwa miliampea 40, yaani kiasi cha umeme inachoweza kutoa. Nikaunganisha, nikatoka nayo barazani, kimya. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa redio huku mjini, mtu mzima, mikono yake inasifiwa mtaa mzima. Akaitazama mota, akaitazama sola, akasema, "Nguvu haitoshi, ongeza sola." Nikaongeza. Kimya. Nikarudi. "Ongeza nyingine." Nilifika sola nne, nimezipanga mgongoni mwa mdudu kama mabati ya kibanda, na shilingi 3,200 zimekwenda, nauli yangu ya matatu ya mwezi mzima. Siku moja jua likawaka kwelikweli, saa saba mchana, mota ikatetemeka. Ikatetemeka tu, basi. Na hata ingezunguka, kwa uzito ule mdudu asingejiburuta hata shubiri moja.

Pesa zinauma, lakini kuna kinachoniuma zaidi. Mita ya kupimia umeme ilikuwa juu ya meza ya yule fundi, karibu na mota yangu kiasi cha kugusana, na hakuishika. Kupima kungemchukua nusu dakika. Asiyejua na aseme sijui, hapo hakuna aibu. Lakini kumtuma kijana dukani mara tatu kwa kubahatisha ni kumla pesa zake, hata kama hazikuingia mfukoni mwako. Na huyo muuzaji wako anakwenda njia ile ile, ndiyo maana nimeandika kwa hasira.

Siku nilipoazima mita, mota ilisoma omu 1.5, yaani kiasi inavyouzuia umeme kupita. Fanya hesabu. Volti 3 gawanya kwa omu 1.5, unapata ampea 2, yaani miliampea 2,000. Hizo ndizo mota inazozitaka pale inapoanza, kabla mhimili haujasogea. Sola yangu ilikuwa na 40! Ningehitaji sola 50 kwa mende mmoja. Tena sola haina tabia ya betri. Ukiidai kuliko uwezo wake haijikakamui, volti zake zinaporomoka hadi karibu na sufuri. Ndiyo maana ukiipima peke yake inakuonyesha volti 3 safi, ukiishikisha mota hakuna kitu. Kwa hiyo muuzaji akikuwekea mita kwenye sola na kusema "si unaona, volti 3", nambari ni ya kweli na haikusaidii.

Hawa wadudu wa roboti wana ukoo wao, unaitwa BEAM, na aliyeuanzisha ni Mark Tilden, mwaka 1989, akiwa Chuo Kikuu cha Waterloo huko Kanada. Ndiye huyo huyo aliyebuni Robosapien, roboti ya kuchezea ya mwaka 2004. Wadudu wake wengi hawana kompyuta ndani, na vipuri ni vya kuokoteza kwenye kaseti na kalkuleta mbovu. Sola yao haisukumi mota. Inajaza kapasita, kipuri kinachohifadhi umeme kwa muda, kama unavyokinga ndoo kwenye mfereji unaotoa maji kidogo kidogo, na ndoo ikijaa unaimwaga yote kwa mkupuo. Kapasita ya mikrofaradi 4,700 ikilishwa miliampea 20 inafika volti 2.7 kabla sekunde haijaisha. Wa kuamua ndoo imejaa ni sakiti ndogo sana: LED, kile kitaa kidogo, ile inayomweka yenyewe (ya kawaida haifai), transista ya 2N3904, nyingine ya 2N3906, na rezista ya kilo-omu 2.2. Mende anasogea, anatulia, anasogea tena. Mara ya kwanza kuliona hilo kwenye sakafu ya kwetu niliita nyumba nzima ije kutazama.

Lakini usije ukakimbilia kapasita ukiwa bado na mota ile ile. Ndoo ni ndogo. Mota ya omu 1.5 inaikausha kwa muda mfupi mno, sehemu chache za elfu ya sekunde, na mhimili bado unajiuliza. Mota ya omu 12 inakunywa taratibu mara nane zaidi, ndiyo inayopata nafasi ya kuzunguka. Zangu za omu 12 nilizitoa kwenye simu za zamani, ni zile za kutetemesha. Kata kile kichuma cha pembeni, visha mhimili ganda la waya ulilochuna, uulaze ncha iguse sakafu, hapo una gurudumu.

Namna ya kupima: mota iwe peke yake, haijaungwa na chochote. Kwangua ncha zake kwanza, maana hewa yetu hii ya chumvi inakula shaba na kutu inakuongezea omu za uongo. Gusanisha ncha mbili za mita uone zenyewe zinasoma ngapi, hiyo utaitoa. Kisha pima, zungusha mhimili kidogo kwa kidole, pima tena, mara tano hivi, kwa sababu brashi za ndani hazikai mahali pamoja. Chukua nambari ndogo kabisa. Chini ya omu 5, iweke kando. Ikizidi 10, endelea. Mota za kaseti baadhi zina sakiti humo humo ndani na kipimo chake hakiaminiki, hizo ziruke.

Kesho ingia maabara ya fizikia, mwombe mwalimu mita, pima, uniandikie hapa umepata omu ngapi. Kabla sijaiona nambari hiyo sijibu la miguu wala la gundi.