Dhahabu ya makabaila wadogo: maswali yenu

Nina florin, sarafu ya kale ya dhahabu, yenye ua la yungiyungi kama la Florence, mji wa Italia, ila maandishi ni R DI G P AVRA. Nimeuziwa bandia?

Kwa maandishi hayo tu, hapana. Ni kifupi cha Kilatini: Raymond, kwa neema ya Mungu, mtawala wa Orange, kusini mwa Ufaransa, karne ya 14. Florence ilianza kugonga florin mwaka 1252, dhahabu karibu safi, gramu 3.5 hivi, na wafanyabiashara wakaizoea mpaka ukiwapa sura nyingine wananuna. Kabaila mwenye kijimji chake afanyeje? Akaazima sura: ua huku, Yohana Mbatizaji kule, na jina lake akalipenyeza palipokuwa na FLORENTIA, yaani Florence kwa Kilatini. Hata Papa Yohane XXII, akiwa Avignon, hukohuko kusini mwa Ufaransa, aliiga. Tazama upande wa Yohana, maandishi yanapoishia: baadhi zina baragumu dogo, nembo ya Orange. Mimi huanzia hapo kabla ya kuhangaika na herufi.

Bwana mdogo vile alipata faida gani?

Ushuru. Aliyeleta dhahabu igongwe aliacha sehemu kwa mafundi na sehemu kwa bwana. Wengine walipunguza dhahabu kidogo kidogo, sura ikabaki ileile. Ndiyo maana mbadilisha fedha hakuachana na mizani.

Yangu si duara kamili na picha imekwenda upande. Ni mbovu?

Ndivyo zilivyo. Kipande bapa cha dhahabu kiliwekwa juu ya muhuri uliokitwa kwenye gogo, muhuri wa pili ukashikwa kwa mkono juu yake, nyundo ikashuka. Mkono ukiteleza, Yohana anapoteza mguu. Nyundo ikirudia, herufi zinaonekana mbili mbili, kama kivuli. Kinachonitia shaka ni vijishimo usoni na mstari mwembamba ukingoni: hiyo imemiminwa kwenye kalibu.

Ina tobo. Nimpelekee sonara alizibe?

Usithubutu. Mtu aliivaa zamani, acha hivyo.

Kilwa nako walikuwa na sarafu za dhahabu?

Walikuwa nazo, za Sultani al-Hasan bin Suleiman, karne hiyohiyo ya 14, ila zilizopatikana ni chache mno. Za shaba ndizo nyingi, na zina raha yake: maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili.