Maswali ya Wasomaji: Ukweli Usimponze Mtoto

Assalaam alaykum. Barua nyingi za mwezi huu zinahusu tabia za watoto wa skuli za msingi: uongo, wizi mdogo mdogo, salamu, bakora. Nimechagua chache. Nimesomesha madarasa ya mwanzo hapa Pemba kwa miaka mingi, na mengi ninayojibu nimeyaona kwa macho yangu.

Mwanangu yuko darasa la tatu na kila siku ananidanganya. Anasema buku limepotea, kumbe limo mkobani lina alama mbaya. Gilasi ikivunjika, si yeye. Nimempiga, nimemnyima pesa ya skuli, hakomi. Nifanye nini? (Mama, Wete)

Pole, mama mwenzangu. Hebu tulitazame hilo buku. Mtoto kapata tatu juu ya kumi. Akikuonesha, anapigwa. Akilificha, huenda akapona, na asipopona atapigwa vilevile. Yeye kachagua njia yenye tamaa ya kupona. Usidhani hajui kuwa uongo ni mbaya. Kaambiwa nyumbani, kaambiwa chuoni anakosoma Kurani, na ukimuuliza alama za mnafiki atakutajia zote tatu bila kukosea. Anajua vizuri sana, ila kwake ukweli una gharama na uongo una nafuu.

Watafiti wawili, Victoria Talwar na Kang Lee, walichapisha mwaka 2011 utafiti waliofanya katika skuli mbili za Afrika Magharibi, kwa watoto wa miaka mitatu na minne. Skuli moja ilikuwa ya viboko, nyingine haikuwa na viboko. Mtoto aliachwa peke yake na kitu alichokatazwa kukichungulia, kisha akaulizwa kama kachungulia. Wachunguliaji walikuwepo kote kuwili. Lakini wa skuli ya viboko walidanganya zaidi, na tena walidanganya kwa ufundi, walijua kuufunika uongo wao. Viboko havikuwafunza kusema kweli, viliwafunza kuficha.

Basi anza hivi. Ukishajua jambo, usimuulize kwa mtego. "Nani kavunja gilasi?" na wewe umemuona, hapo unamwita aseme uongo. Sema: "Naona gilasi imevunjika. Lete ufagio tuokote vigae, kisha tuzungumze." Aokote, afagie, na kama ana akiba yake, achangie gilasi mpya. Kosa lilipwe, nakubali kabisa. Lakini mwambie kwa maneno yaliyo wazi: "Ukinambia mwenyewe, sitakupiga," kisha lishike neno lako hata siku atakapokwambia jambo la kukuchoma moyo. Ukilivunja siku moja tu, ile imani itachukua muda mrefu kurudi.

Na alama mbaya si tabia mbaya. Kaa naye chini, akuoneshe ni hesabu ipi imemshinda.

Kuna moja zaidi, na nakuomba usinichukie kwa kulisema. Mdai anapiga hodi, mtu mzima yumo chumbani, mtoto anatumwa mlangoni: "Kaseme mama katoka." Sijui kama kwako linatokea, lakini katika nyumba zetu linatokea sana. Mtoto anayetumwa uongo saa nne hawezi kupigwa kwa uongo saa nane akaelewa kapigwa kwa nini.

Darasa langu lina watoto zaidi ya 70, na tuko mkondo wa mchana. Silabasi yenyewe haimaliziki. Tabia njema nizifundishe saa ngapi? (Mwalimu, Mkoani)

Mwalimu mwenzangu, usitafute kipindi. Unacho tayari: kuingia darasani, kugawa mabuku, kuteka maji ya kunywa, kufuta ubao, kufunga madirisha. Kila kazi katika hizo ni dhamana, na mtoto hawi mwaminifu kwa kusikia habari za uaminifu. Huwa mwaminifu kwa kukabidhiwa kitu cha watu na kukirudisha.

Tatizo letu ni kwamba dhamana tunampa mtoto yuleyule, mpole, mwenye mwandiko mzuri, mwaka mzima. Yule tayari anajua. Zizungushe, na usimruke mtundu.

Nilikuwa na mtoto aliyekuwa akichukua raba za wenziwe. Darasa zima lilimjua, na jina la mwizi lilikuwa limeshaanza kumganda. Nikamkabidhi boksi la raba na penseli za darasa. Asubuhi tunahesabu sote wawili, anaandika idadi mwenyewe kwenye kipande cha karatasi ndani ya kifuniko. Wakati wa kuondoka tunahesabu tena. Siku ya mwanzo zikapungua raba mbili. Nikamwambia tu, "Zimepungua mbili, tuzitafute." Akainama chini ya dawati akaipata moja. Akasimama, akatia mkono mfukoni mwa kaptura, akaitoa ya pili, akaiweka ndani ya boksi bila ya kunitazama. Nami sikumtazama. Nikaandika "zimetimia", nikafunga. Baadaye ikawa yeye ndiye anayewafuata wenziwe mlangoni: "Wewe, penseli ya darasa hiyo."

Ningempigia kelele siku ile mbele ya wenziwe, ningelipata raba na kumpoteza mtoto. Kumfedhehi mtoto hadharani ni jambo ninalowaomba walimu waliache kabisa.

Sisi tulipigwa bakora skuli na chuoni na tukatoka watu. Leo walimu wanaambiwa wasipige. Huku si kuwaharibu watoto? (Baba, Kwamtipura)

Baba yangu, waliotoka watu walilelewa na mengi: wazee waliokaa nao, majirani waliowajali, kazi za nyumbani, sala. Bakora ilikuwemo, na sisi tukaipa sifa yote. Wapo pia walioikimbia skuli kwa sababu ya bakora, nao hatuwaulizi.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kumdhalilisha, na skuli zetu zimekuwa zikihimizwa kutumia adhabu mbadala. Watu husikia "mbadala" wakadhani mtoto anaachiwa. Sivyo. Aliyechafua ukuta, aukoshe. Aliyemtukana mwenzake, amtake radhi yeye mwenyewe, uso kwa uso, aseme amemtukana nini. Jaribu, utaona. Watoto wengi watakwambia bora upige, maana bakora tatu zikishapita deni limekwisha, lakini kumwendea uliyemuudhi na kutamka kosa lako ni kazi nzito. Ndiyo kazi tunayotaka waijue.

Wajukuu zangu wakija kutoka mjini hawaamkii watu. Wanapita barazani kama hawaoni. Nawaambia kila mkubwa ni mzazi wao, wamheshimu na wamtii. Wamenishinda. (Bibi, Makunduchi)

Shikamoo bibi. Watoto hawa pengine hawana kiburi. Hawawajui hao watu. Washike mkono siku ya kwanza, uwapitishe nyumba kwa nyumba: huyu ni babu yenu, ndugu yake babu, huyu ndiye aliyemzalisha mama yenu. Mtoto akishajua ni nani, salamu hutoka yenyewe. Na wazee wa barazani nao waitikie. Nimeona mtoto anatoa shikamoo yake vizuri, wakubwa wote macho yamo kwenye simu, hakuna wa kusema marahaba. Mara ya tatu hatoi tena, na ana haki yake. Akisahau, mkumbushe mkiwa wawili. Ukimpayukia mbele ya watu "hukufunzwa?", unamuaibisha na mama yake.

Hilo la kutii ndilo ninalotaka tulizungumze zaidi, bibi yangu, kwa sababu lina hatari. Kuamkia, ndiyo, kila mkubwa. Kutii kila mkubwa, hapana. Udhalilishaji wa kijinsia wa watoto upo visiwani kwetu, na wanaoufanya mara nyingi ni watu ambao mtoto anawajua na kafundishwa kuwatii: jamaa, jirani, hata mwalimu. Mfunze mjukuu kwamba mkubwa akimwambia "usimwambie mtu", hapo hapo ndipo pa kusema. Akimtaka waingie ndani peke yao, akimshika mwilini, ana ruhusa ya kukataa, kupiga kelele na kukimbia, na hatohesabiwa mkosefu wa adabu. Umwambie wewe mwenyewe. Neno la bibi lina uzito kuliko la mwalimu.

Na akija kukwambia, msikilize mpaka mwisho, usimwambie "nyamaza, usimvunjie mtu heshima." Ipo simu ya kusaidia watoto, namba 116, inapigwa bure, na vipo vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, Unguja na Pemba, ambako daktari, polisi na mshauri hupatikana pahala pamoja. Msiyamalize kifamilia.

Nawasomesha watoto chuoni na jioni nawapa hadithi. Mzazi mmoja kanilaumu kwa hadithi za Sungura na Abunuwasi, anasema nawafunza ulaghai. Niziache? (Ustadhi, Chake Chake)

Usiziache, ustadhi. Watoto wanajua kuwa Sungura ni Sungura. Wakishajibu "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", wameshaingia mchezoni. Ila ukimaliza, waulize: Fisi aliyeachwa na njaa alionaje? Waache wabishane.

Kuna jambo zuri nililolisoma kuhusu hadithi. Mwaka 2014 Kang Lee, yule niliyemtaja juu, na wenzake waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadi saba visa tofauti, kisha wakawapima ukweli wao. Visa vya mwongo kuadhibiwa, kama cha Pinocchio anayerefuka pua, havikuwafanya waseme kweli zaidi. Kilichofaa ni kisa cha George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipokuwa mdogo, kwamba alikiri kuukata mti na baba yake akamsifu kwa ukweli wake. Kisa chenyewe huenda hakikutokea, lakini watoto walikifuata. Sasa angalia mawaidha yetu chuoni, ni mangapi yanamalizikia motoni, na ni mangapi yanamwonesha msema kweli akipendwa? Mtume wetu alikuwa akiitwa Al-Amin na watu wa Makka kabla hajapewa utume, wakimwekea amana zao. Wape hicho. Na Surat Luqman wanaihifadhi kwa Kiarabu, basi waoneshe kwa Kiswahili pale baba anapomwambia mwanawe asiwageuzie watu uso kwa dharau, asitembee kwa maringo, ateremshe sauti yake. Kipande kimoja kwa wiki kinatosha.

Msimu wa karafuu watoto wetu wanaokota mpeta, zile karafuu zilizoanguka chini. Wangu wa darasa la tano anarudi na pesa nyingi kuliko mpeta anaoweza kuokota. Nahisi anachuma za watu, naogopa kumuuliza. (Mzazi, Konde)

Muulize leo, lakini uliza kwa kutembea. Mwambie, "Kesho nakwenda nawe." Akuoneshe mti gani, shamba la nani, nani kamruhusu. Ukifika na mwenye shamba akakujua, mtoto atakuwa salama, na hata kama alishachuma penye haki ya mtu, pana njia ya kulimaliza: arudishe pesa, au amsaidie mwenye shamba kuchambua na kuanika mpaka zifidie. Nenda naye, usimpeleke kama mfungwa.

Halafu tumtafute mnunuzi. Karafuu kavu ina mnunuzi wake, ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, na mtoto wa darasa la tano hapeleki mzigo kituoni. Yuko mtu mzima njiani anayempimia mbichi kwa kikombe, akampa noti au akampa maandazi, na hamuulizi kaitoa wapi. Mtu huyu namwona ni mwenye kosa kubwa kuliko mtoto. Mnamjua, kijiji ni kimoja. Mfuateni wazazi watatu au wanne, mwambieni msimu huu asinunue kwa watoto, na asiposikia mpelekeni kwa sheha. Na mtoto arudi darasani, msimu huwa unatuachia madawati matupu mno.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita. Rafiki yangu aliangalizia mtihani wangu na mimi nilimuachia. Mwalimu ameanza kuuliza. Nikisema nitakuwa mchongezi? (Mwanafunzi, Unguja)

Mwanangu, umefanya vizuri kuandika. Mchongezi husema ili mwenzake aumie. Wewe umo ndani ya jambo hili, kwa hivyo anza na lako: "Mwalimu, mimi nilimuachia aangalizie." Lakini kabla ya hapo, mwendee rafiki yako, umwambie unakwenda kusema, umwombe mwende pamoja. Akikataa, nenda peke yako na useme sehemu yako tu. Akiulizwa yeye, atajibu mwenyewe. Huenda akanuna siku kadhaa. Mkirudiana, kaeni pamoja umfahamishe hayo maswali yaliyomfanya akutazamie.

Na kama unaogopa kwenda mbele ya darasa, mngoje mwalimu wakati wa mapumziko, au umwombe mama akusindikize. Mwalimu naye, akiisoma hii kabla hujamfikia, namuomba akupokee vizuri.